Majina ya Manowari: Miaka 60 ya Jeshi la Wanamaji la Kenya

Meli ya kivita haidumu. Chumvi hula chuma, mitambo huchakaa, mizinga iliyotisha jana leo huwekwa makumbusho, na mabaharia waliopanda wakiwa vijana hushuka wakiwa na mvi. Kinachobaki baada ya hayo yote ni jina. Ndilo linaloandikwa siku chombo kinapokabidhiwa, ndilo linaloitwa redioni usiku wa manane, na mabaharia huja kulitaja kama mtu anavyotaja kijiji alikozaliwa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuielewa historia ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililozaliwa tarehe 15 Desemba 1964 na kutimiza miaka 60 mwaka 2024, anaweza kuanza na orodha fupi ya majina ya vyombo vyake vikuu, kwa kadiri yalivyofuatana: Simba, Chui na Ndovu, kisha Mamba, kisha Madaraka, Jamhuri na Harambee, kisha Nyayo na Umoja, kisha Tana na Galana, kisha Shujaa na Shupavu, na baadaye Jasiri. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba majina haya, yakisomwa kwa mfuatano, yanaonyesha taifa lililozaliwa likiwa limeipa bahari kisogo na likageuka polepole kuitazama. Jeshi hili ndilo lililofanya kazi kubwa ya kuligeuza, na lilifanya hivyo zaidi kwa kazi za siku za amani kuliko kwa vita. Deni lililobaki sasa ni la taifa lenyewe kuitambua bahari yake kwa jina.

Bahari haikungoja taifa lizaliwe. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Kenya iliunda kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea, kilichofungamana na jeshi la wanamaji la Uingereza. Vita Vikuu vya Pili vilipofika Bahari Hindi, kikosi hicho kidogo kikajikuta katikati ya mambo makubwa. Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, manowari za Uingereza za upande wa mashariki chini ya Admirali James Somerville zilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa. Jina la mahali hapo linaeleza kwa nini: kilindi ni pale maji yanapokuwa na kina kikubwa, na wenyeji walikuwa wamekwisha kuipima bandari hiyo na kuipa jina kabla ya mkoloni yeyote kuchora ramani yake. Shule ya Allidina Visram, iliyo karibu na bahari, ikageuzwa kuwa mahali pa kazi pa wataalamu waliofumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Baada ya vita, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikaungana kugharamia jeshi moja dogo, ambalo mwaka 1952 lilipewa jina la Jeshi la Kifalme la Wanamaji la Afrika Mashariki. Makao yake yalikuwa Mombasa, na lilivunjwa mwaka 1962. Kimojawapo cha vyombo vyake kiliitwa Mvita, jina la kale la Mombasa ambalo mapokeo ya mji hulihusisha na Shehe Mvita. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini: jeshi la mkoloni lilikuwa na chombo chenye jina la mji wa pwani, na jeshi la taifa huru, katika orodha niliyoitaja, halina hata kimoja.

Tarehe ya kuzaliwa kwa jeshi la taifa huru nayo ina maana yake. Jeshi la nchi kavu lilirithiwa moja kwa moja usiku wa uhuru, Desemba 1963. Jeshi la anga lilianza tarehe 1 Juni 1964. Jeshi la wanamaji likawa kitinda mimba, likizaliwa siku tatu tu baada ya Kenya kuwa jamhuri. Miaka minane ya mwanzo liliongozwa na Waingereza, na Mkenya wa kwanza akashika uongozi mwaka 1972. Vyombo vyake vikuu vya kwanza, vilivyoundwa na kampuni ya Vosper huko Portsmouth, viliingia kazini mwaka 1966. Vilikuwa boti za doria tatu, kila moja ikiwa na urefu wa mita 31 hivi, nazo zikaitwa Simba, Chui na Ndovu. Ni wanyama wa fahari, na hakuna Mkenya asiyewajua. Lakini ni wanyama wa mbuga. Taifa lililohitaji kulipa sura jeshi lake la baharini lilitafuta alama za nguvu, na macho yake yakaenda Tsavo na Mara. Ishara nyingine ya kuitazama bahari kutoka nchi kavu ipo hadi leo katika vyeo: kamanda wa jeshi la wanamaji la Kenya ni meja jenerali, cheo kile kile cha askari wa miguu, ilhali jirani yake Tanzania humpa kamanda wake wa wanamaji cheo cha admirali. Mpango huo una faida zake, kwa kuwa unarahisisha amri ya pamoja kati ya majeshi matatu. Hata hivyo, unaonyesha ni upande upi uliokuwa ukimpimia mwenzake.

Msomaji anaweza kusema kwamba ninalilemea jina kupita kiasi. Majeshi mengi ya wanamaji duniani yameviita vyombo vyao kwa majina ya simba na chui, na hakuna aliyedai kwamba mataifa hayo yanaiogopa bahari. Zaidi ya hayo, jina ni rangi tu juu ya chuma. Kinacholinda nchi ni mtambo unaowaka na baharia anayejua kazi yake. Hoja hiyo ina uzito, na ingetosha kama tungekuwa tunasoma jina moja. Orodha nzima, hata hivyo, husema jambo ambalo jina moja haliwezi kulisema. Jeshi lenye manowari mia likiita mojawapo Simba, jina hilo linasimama kando ya majina ya bandari, mapigano, mabaharia na pepo za msimu. Jeshi lenye manowari tatu, zote zikiwa na majina ya wanyama wa nyikani, limetumia nafasi zote lililokuwa nazo. Kuhusu rangi juu ya chuma, mazoea ya wanamaji wenyewe yanapinga. Boti ya Harambee ya mwaka 1975 ilipokwisha muda wake, jina lake halikuachwa life. Mwaka 2011 Kenya ilipochukua chombo cha doria kilichokuwa cha jeshi la wanamaji la Ufaransa, kilipewa jina la Harambee II. Chuma cha kwanza kilikwisha na mabaharia walikuwa wengine, lakini jina lilirithiwa kama mjukuu anavyopewa jina la babu. Watu hawarithishani kitu wasichokithamini.

Jina hilo la Harambee linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya pwani na bara. Mwaka 1974 ilikuja Mamba, iliyoundwa na Brooke Marine huko Lowestoft, na mtu anaweza kuona kwamba hapo taifa lilikuwa limefika ukingoni mwa maji, kwa mnyama anayeishi mitoni na kwenye mikoko. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilileta boti tatu zilizobeba majina ya siasa: Madaraka, kwa kumbukumbu ya Juni 1963, Jamhuri, kwa kumbukumbu ya Desemba 1964, na Harambee, wito wa Mzee Jomo Kenyatta. Lakini kabla ya kuwa wito wa taifa, harambee ilikuwa sauti ya kazi ya watu wa pwani walipovuta au kunyanyua kitu kizito kwa pamoja, mmoja akianza na wengine wakiitikia ili nguvu zote zije kwa pigo moja. Neno lilitoka ufukweni, likapanda Nairobi, likawa kaulimbiu kwenye nembo ya taifa, kisha likarudi baharini likiwa limeandikwa kwenye manowari. Safari hiyo ya neno inanipa jibu la kwanza kwa wanaodhani kwamba bara na bahari ya Kenya ni dunia mbili. Bara lilikuwa limekopa kutoka kwa bahari zamani sana, hata kama halikukumbuka mwenye mali. Sikiliza Kiswahili cha kila siku cha Nakuru au Kisumu: dereva wa matatu anashika usukani, anayeongoza timu ya Harambee Stars ni nahodha, na anayeendesha ndege ni rubani. Yote matatu ni maneno ya chomboni. Lugha ilikwisha kuwapandisha Wakenya wote meli kabla serikali haijanunua hata boti moja.

Miaka ya mwisho ya 1980 ilileta Nyayo na Umoja, vyombo vya Vosper Thornycroft vyenye urefu wa zaidi ya mita 56, makombora ya kupiga meli na mzinga wa milimita 76. Muundo wake ulifanana na ule wa manowari zilizoundwa na kampuni hiyo kwa ajili ya Oman, na hapo kuna mwangwi wa kale, kwa maana karne iliyotangulia ilikuwa Oman iliyoleta meli zenye mizinga kwenye maji haya, enzi za Seyyid Said. Majina bado yalikuwa ya siasa ya wakati wake, falsafa ya Rais Daniel arap Moi. Ni haki kuuliza vyombo hivi vikali vilifanya vita gani, na jibu ni kwamba havikupigana na manowari yoyote. Jeshi la Wanamaji la Kenya halijawahi kupigana vita vya meli kwa meli. Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapotokea: jeshi lisilo na pambano la kusimuliwa lina historia gani ya kuadhimishwa? Vitabu vya historia ya wanamaji hujaa mapigano kama ya Trafalgar na Midway. Kwa kipimo hicho miaka 60 ya jeshi hili ingekuwa karatasi tupu.

Naona kipimo hicho ni kibovu, na ubovu wake unatokana na kukopa historia ya mataifa makubwa pamoja na meli zao. Jeshi la wanamaji la nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 500 na bandari moja inayolisha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hupimwa kwa yale yasiyotokea: meli isiyotekwa, chombo cha wavuvi kisichopotea, njia ya bandari isiyofungwa. Zaidi ya hayo hupimwa siku ile maji yanapowachukua watu. Makao makuu ya jeshi hili yako Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na jirani na hapo ndipo ilipopinduka feri tarehe 29 Aprili 1994, ikaua watu 272 walioamka tu kwenda kazini. Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni na kuzama na watu wawili ndani yake. Feri hiyo iliitwa Harambee, jina lile lile la manowari. Kwa siku 13 taifa zima lilisimama likitazama mkondo wa maji, na waliotumwa chini walikuwa wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji, wakisaidiwa na wenzao wa kiraia.

Inafaa kueleza kazi ile ilikuwa ya namna gani, kwa sababu waliokuwa ukingoni wakilalamika kuhusu kuchelewa hawakuweza kuiona. Gari lilikuwa limelala kwenye kina cha mita 58 hivi. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo pale chini mwili wa mpiga mbizi hubanwa karibu mara saba ya kawaida. Naitrojeni anayoivuta huyeyuka ndani ya damu na kumlewesha, akili ikawa nzito wakati anapoihitaji zaidi. Hawezi kukaa chini zaidi ya dakika chache, na hawezi kupanda moja kwa moja. Hana budi kusimama kwa vituo njiani, ama hewa iliyo katika damu itoke povu kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla na kumlemaza au kumuua. Mwanga wa jua haufiki kwa nguvu, tope la mkondo huziba macho, na kazi nyingi hufanywa kwa kupapasa. Juu yake maji yanajaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, mkondo ukigeuka nayo, na feri zinaendelea kuvuka kwa sababu mji hauwezi kusimama. Hao ndio mashujaa ambao hakuna mzinga uliopigwa kwa ajili yao. Wakati huo Kenya ilikwisha kuwa na kikosi cha walinzi wa pwani, kilichozinduliwa Novemba 2018, na wapo waliodai kwamba kuanzia hapo kazi za amani si za wanamaji tena, kazi yao ibaki vita. Likoni ilijibu dai hilo. Maji yalipokuwa marefu kupita uwezo wa wengine, ujuzi uliohitajika ulipatikana Mtongwe.

Wala kazi ya amani na kazi ya vita hazitenganiki kwa urahisi. Tangu miaka ya 2000 uharamia wa pwani ya Somalia ulifika hadi kwenye njia za meli ziendazo Mombasa, na doria ikawa kinga ya bei ya mkate na mafuta hadi Kampala na Kigali. Mwaka 2014 chombo kilichokamatwa na shehena ya heroini kilipelekwa nje ya bandari na kulipuliwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Kati ya hayo mawili ilikuja siku ambayo jeshi hili litakumbukwa nayo vitani. Majeshi ya Kenya yalikuwa yameingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na al-Shabaab, na mji wa Kismayo, uliokuwa ukiwapa wapiganaji hao mapato ya bandari na makaa, ulibaki mikononi mwao. Alfajiri ya tarehe 28 Septemba 2012, katika operesheni iliyoitwa Sledge Hammer, vyombo vya wanamaji vilishusha askari ufukweni, na siku chache baadaye mji ukawa mikononi mwa majeshi ya Kenya na washirika wake wa Kisomali. Kushusha askari ufukweni ni hesabu ya maji kabla ya kuwa hesabu ya bunduki. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita tatu na zaidi. Anayefika saa mbili baadaye kuliko ilivyopangwa atakwama juu ya mwamba, shabaha isiyosogea. Ujuzi huo haupatikani siku ya vita. Hukusanywa miaka mingi kwa doria zisizoandikwa magazetini, kwa kutafuta wavuvi waliopotea, kwa kupima vina na kuzijua nyakati za maji mafu na maji makuu. Kismayo ilivunwa mwaka 2012, lakini ilikuwa imepandwa tangu 1964.

Pingamizi lingine huelekezwa kwenye mila zenyewe. Inasemwa kwamba desturi za chomboni, tangu filimbi inayopigwa mkubwa anapopanda hadi saluti ya anayekanyaga sitaha na sare nyeupe za gwaride, ni urithi wa Mwingereza, hivyo hakuna lililo letu la kuadhimisha. Ni kweli kwamba zimetoka huko. Lakini pwani hii haijawahi kuona haya kukopa kitu cha bahari na kukifanya chake. Nahodha na bandari ni maneno yaliyotoka Uajemi. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, ana jina la asili hiyo hiyo, na alikuwa akiamrisha watu kwenye majahazi karne nyingi kabla filimbi ya Kiingereza haijasikika Kilindini. Neno meli lilitokana na jina la Kiingereza la barua, kwa vile stima za kwanza zilileta barua, na hata manowari ni jina la Kiingereza la meli za vita za enzi ya tanga, lililopita kinywani mwa Waswahili likatoka likiwa limevaa nguo za nyumbani. Bahari ndivyo ilivyo. Kila kinachoelea juu yake kimetoka mahali pengine. Kinachoifanya mila kuwa ya watu fulani ni kwamba wao ndio wanaoishika, wanaijua maana yake, na wanaiongezea chao. Kwa hiyo swali la haki kwa jeshi hili ni kama, kando ya yale liliyopewa, limeongeza yatokayo kwenye bahari hii.

Naona limeanza, na dalili iko kwenye meli mbili za kazi ambazo hazitajwi sana. Tana na Galana ziliundwa Hispania na kuingia kazini mwaka 1994. Ni vyombo vya kubeba askari, magari na mizigo na kuvishusha ufukweni, na aliyevipa majina aliona jambo ambalo waliotangulia hawakuliona. Tana huanza kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, hupita nchi kavu ya mashariki na kuingia baharini karibu na Kipini. Galana ni jina la katikati la mto ambao juu huitwa Athi na mdomoni, karibu na Malindi, huitwa Sabaki. Mto wa Nairobi humwaga maji yake humo. Mvua inayonyesha juu ya mji mkuu, ikiteremka kwenye mifereji ya River Road na kuzunguka mabonde, mwisho wake ni mawimbi ya Malindi. Wahenga walikwisha kusema: bahari iliko ndiko mito iendako. Majina yaliyofuata, Shujaa na Shupavu ya mwaka 1997, na Jasiri, iliyowasili mwaka 2012 ikiwa ndefu kuliko zote zilizoitangulia baada ya mvutano wa miaka mingi kuhusu mkataba wake, yalirudi kwenye sifa za askari. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 2000 Jenerali Joseph Kibwana akawa mwanamaji wa kwanza kuongoza majeshi yote ya Kenya, na mwaka 2015 Jenerali Samson Mwathethe akawa wa pili. Mwaka 2020 ikaundwa Kenya Shipyards, kampuni ya serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, na huko Kisumu ikaunda MV Uhuru II kwa ajili ya ziwa. Nchi iliyoanza kwa kuagiza kila boti kutoka Uingereza imeanza kujifunza tena kuunda vyombo, kazi ambayo mafundi wa Lamu hawakuwahi kuiacha.

Kutokana na hayo napendekeza jambo moja la wazi: meli zijazo za jeshi hili zipewe majina ya bahari hii. Yapo tele. Ipo Mvita, iliyokwisha kubebwa na chombo na kuachwa. Kipo Kilindini chenyewe. Zipo Pate na Lamu, zilizokuwa na vyombo vya kwenda mbali kabla ya manowari yoyote ya Ulaya kuonekana upeo wa macho. Zipo Kusi na Kaskazi, pepo mbili zilizoendesha biashara yote ya pwani kwa zaidi ya miaka elfu. Ipo Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Najua litakalosemwa: kwamba majina hayo ni ya eneo moja na watu wa eneo moja, na kwamba jeshi la taifa lenye makabila mengi limefanya busara kukimbilia wanyama na sifa zisizo na kwao. Hofu hiyo si ya kudharauliwa katika nchi ambayo jina limewahi kuleta ugomvi. Lakini pepo hazina kabila. Na bahari ilikwisha kuwachukua Wakenya wa kila upande bila kuuliza walikotoka. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, vijana wa bara ambao wengi wao hawakukulia karibu na maji ya chumvi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpido, na ikazama katika dakika zisizozidi tatu. Manowari za kusindikiza zililazimika kudondosha mabomu ya kina mahali walipokuwa wakielea walionusurika, kwa sababu nyambizi ilijificha chini yao. Walikufa watu karibu 1,300, na waliookolewa walikuwa mia mbili na ushei. Mamia ya nyumba za Afrika Mashariki zilipata msiba ambao kaburi lake ni bahari. Anayesema kwamba bahari ni habari ya watu wa pwani hana budi kuwaeleza wajukuu wa nyumba hizo.

Taifa lililozipa boti zake za kwanza majina ya Simba, Chui na Ndovu halikukosea. Lilitumia maneno liliyokuwa nayo mdomoni. Tangu hapo wanamaji wake wamelipatia maneno mengine, kwa kuzama Likoni, kwa kuhesabu maji ya Kismayo, na kwa kulinda usiku baada ya usiku njia ya meli ambazo watu wa bara hawazioni ila hula shehena yake kila siku. Tana na Galana zilibeba majina ya mito iliyo njiani. Siku meli ijayo itakapoelea mbele ya Mtongwe, na rangi ya jina ikiwa bado mbichi ubavuni, jina lililo sawa nayo ni la mahali ambapo mito hiyo imefika.